Njuka, anzia hapa: mwongozo wa kidato cha kwanza kwa aliyesoma msingi kwa Kiswahili

Kila Januari maswali ni yale yale. "Mwalimu, mbona nasikia sauti tu, sielewi?" "Darasa la saba nilikuwa wa pili, huku nimekuwa wa themanini na kitu, nimelogwa?" "Mwalimu, tutaanza lini kusoma kwa Kiswahili?" Nafundisha kidato cha kwanza kwenye shule ya kata, ya kutwa, na kujibu mmoja mmoja koridoni kumenichosha. Nimeandika majibu yote hapa.

Swali la tatu nalimaliza sasa hivi: hamtaanza. Ukiacha kipindi cha Kiswahili, karibu kila utakachosoma na kila mtihani utakaofanya ni kwa Kiingereza, mpaka kidato cha nne. Ukilikubali hilo mapema, utaacha kusubiri na utaanza kazi.

Mwongozo huu ni wa wewe uliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili ukapangiwa sekondari ya serikali ya kutwa, hapa Tanzania. Wa bweni utakufaa pia, isipokuwa sehemu ya njiani na chakula. Na ndiyo, utaitwa njuka, yaani mgeni wa kidato cha kwanza. Usinune, hao wanaokuita waliitwa hivyo hivyo mwaka jana.

Unachohitaji kabla ya siku ya kwanza

Fomu ya kujiunga na shule isome mwenyewe, usimwachie mzazi peke yake. Ada ya sekondari ya serikali kwa kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016 (kabla ya hapo kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka), lakini sare, madaftari na chakula bado viko juu ya nyumbani. Kama hela haitoshi kununua vyote kwa mkupuo, nunueni kwa mpangilio huu:

- Viatu vyeusi vinavyokutosha leo. Vikubwa "vya kukulia" vitakutoa malengelenge wiki ya kwanza.
- Kaunta buku moja kwa kila somo. Ya hisabati iwe nene kuliko nyingine.
- Daftari dogo linaloingia mfukoni. Hili ni la msamiati, na ndilo la muhimu kuliko yote.
- Kalamu za bluu, penseli, kifutio, rula na mkebe. Michoro ya sayansi huchorwa kwa penseli.
- Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Hata kuukuu isiyo na jalada inafaa.
- Taa ya kusomea, ya sola kama umeme haujafika.
- Madaftari yako ya darasa la sita na la saba. Usimpe muuza karanga afungie. Utayahitaji, na nitakwambia kwa nini.

Onyo: usikae nyumbani kusubiri sare ikamilike. Nenda na mzazi, mwoneni mkuu wa shule, ombeni muda. Aliyechelewa mwezi mmoja kwa sababu ya sweta huhangaika kufukuzia notsi mpaka Juni, na sweta lenyewe halimsaidii.

Hatua ya 1. Wiki ya kwanza, jua nani ni nani

Msingi ulikuwa na walimu wachache waliokujua kwa jina la baba yako. Huku kila somo lina mwalimu wake, anaingia, anafundisha, anatoka. Hatakufuata kukuuliza kama umemaliza kuandika. Kwa hiyo andika nyuma ya daftari lako watu hawa: mwalimu wa darasa, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa malezi na ushauri, na kama wewe ni msichana, matroni au mwalimu wa kike unayeweza kumwendea. Nakili ratiba ya vipindi siku hiyo hiyo inapobandikwa. Nakili mara mbili, moja ibandike ukutani kwako.

Shule nyingi huanza na wiki kadhaa za kozi ya maandalizi ya Kiingereza. Wapo wanaoitoroka kwa sababu "bado hatujaanza masomo". Hayo ndiyo masomo.

Hatua ya 2. Daftari la msamiati: maneno kumi kwa siku, siyo zaidi

Gawa kila ukurasa safu tatu: neno la Kiingereza, maana yake kwa Kiswahili, na sentensi moja uliyoiona ubaoni au kitabuni. Safu ya tatu ndiyo wengi huiruka, na bila hiyo neno linakaa kichwani kama jina la mtu usiyemjua sura.

Sasa toa yale madaftari ya msingi. Sehemu kubwa ya form one umeshaisoma, imebadilishwa jina tu. "Photosynthesis" ni ile usanisinuru uliyoichora na jani na jua. "Force" ni kani. "Volume" ni ujazo. Kwenye hisabati, "LCM" ni KDS yako ya zamani, kigawe kidogo cha shirika, na "fractions" ni sehemu zile zile zilizokutoa jasho darasa la tano. Kila mada mpya inapoanza, tafuta kwanza kama ina ndugu yake kwenye daftari la msingi. Ukimpata, soma maelezo ya Kiswahili dakika kumi, kisha rudi kwenye Kiingereza. Nimeona watoto wanaohangaika na ukurasa mzima wa baiolojia wakati daftari lililofungiwa karanga lilikuwa na kila kitu.

Makosa ya kawaida hapa ni mawili. La kwanza ni kujaza maneno hamsini Jumapili na kutoyarudia tena. La pili ni kuchukua maana ya kwanza unayoikuta kwenye kamusi. "Matter" kwenye kemia ni maada, siyo jambo. "Root" kwenye baiolojia ni mzizi wa mmea, na kwenye hisabati ni kipeuo. Andika somo pembeni ya neno.

Hatua ya 3. Notsi zivunje usiku ule ule

Ugonjwa mkubwa wa form one ni mwandiko mzuri. Nafungua daftari, vichwa vya habari vimepigwa mstari mwekundu, michoro imepakwa rangi, na mwenye daftari nikimwuliza mstari wa pili unasema nini ananiangalia. Amenakili ubao mzima bila kupita kichwani.

Dawa ni kuvunja sentensi. Tuseme fizikia leo imeandikwa hivi: *Density is mass per unit volume.* Usiikariri kwanza. Fanya hivi:

Chukua "mass": tungamo, kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu. Chukua "volume": ujazo, nafasi ambayo kitu kinachukua. Chukua "per unit": kwa kila kimoja. Kwa hiyo sentensi inasema tungamo iliyomo ndani ya kila kipimo kimoja cha ujazo. Sasa itafutie kitu jikoni. Jaza kopo mchanga, kisha kopo lile lile ulijaze pumba. Ujazo haujabadilika, ila la mchanga ni zito. Mchanga una "density" kubwa. Maliza kwa hesabu moja: jiwe lenye gramu 60 linalochukua sentimita za ujazo 20, gawa 60 kwa 20, unapata gramu 3 kwa kila sentimita moja ya ujazo.

Hapo sasa ikariri kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwa sababu mtihani utaitaka kwa Kiingereza. Kukariri siyo dhambi. Dhambi ni kukariri usichokielewa, maana swali likigeuzwa kidogo tu umekwisha.

Huwezi kuvunja ukurasa mzima kila siku kwa kila somo. Chagua masomo mawili ya siku hiyo, sentensi tatu nne kila moja. Zinatosha.

Hatua ya 4. Soma kitenzi cha swali kabla ya kitu kingine

Nusu ya alama zinazopotea kwenye majaribio ninayosahihisha hazipotei kwa kutojua somo. Mtoto anajua, ila amejibu swali lingine. Yashike haya kabla ya jaribio la kwanza:

- "Mention", "List", "State", "Name": taja tu. Ukiombwa vitatu, andika vitatu. Ukiandika sita ukitumaini vitatu vitakuwa sahihi, msahihishaji huangalia vitatu vya kwanza na kuendelea na safari yake.
- "Define": toa maana, sentensi moja au mbili.
- "Explain": taja halafu sema kwa nini au kwa namna gani. Kila hoja ipate angalau sentensi mbili. Aliyetaja tu hapati alama kamili.
- "Differentiate" au "Distinguish": weka vitu viwili kwa pamoja kwenye kila hoja. Ukieleza kimoja aya nzima kisha kingine aya nzima, hujatofautisha.
- "With the aid of a diagram": mchoro ni lazima, na uwe na majina ya sehemu.
- "Calculate", "Find", "Solve": onyesha njia. Jibu la mwisho likikosewa, hatua zilizo sahihi hukuokoa.

Na usinakili swali ukaligeuza jibu. Tunaliona.

Hatua ya 5. Uliza, hata kwa Kiingereza kilichovunjika

Kuna shule huvalisha kibao shingoni anayeongea Kiswahili. Mimi siupendi mtindo huo, huzaa watoto bubu. Lakini ukiwa kwenye shule ya namna hiyo, jiwekee sentensi nne za akiba: *Excuse me teacher, I don't understand. Please repeat. What is the meaning of…? May I explain in Kiswahili?* Hiyo ya mwisho walimu wengi huikubali, kwa sababu nao wanajua ukimya wa darasa maana yake nini.

Ukiona aibu mbele ya darasa, mfuate mwalimu kipindi kikiisha ukiwa na daftari limefunguliwa na kidole kwenye mstari. Usimwambie "sijaelewa kemia yote". Mwambie "hapa". Nikionyeshwa mstari najibu kwa dakika moja. Nikiambiwa yote, nasema tutaangalia kesho, na kesho haifiki.

Hatua ya 6. Ratiba ya nyumbani isiyo ya uongo

Ratiba ya kusoma saa moja usiku mpaka saa tano, kila siku, hufa Jumatano. Unatembea, unachota maji, unapika, unalala na wadogo zako chumba kimoja. Panga saa moja na nusu: nusu saa hisabati, nusu saa kuvunja notsi, dakika kumi na tano msamiati, zilizobaki kazi za nyumbani. Kama usiku kuna kelele, amka saa kumi na moja alfajiri. Kama jembe na ndoo vinakula muda wote, zungumza na mama au bibi mapema, akiwa ametulia: "Mama, naomba baada ya kuosha vyombo nipewe saa moja ya kusoma." Usiseme katikati ya kazi, itaonekana unakwepa.

Hisabati nimeipa nusu saa yake kila siku kwa makusudi. Utawasikia wakubwa wakisema matokeo ya kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba yaliyo bora, kwa hiyo "mathe naiacha". Hesabu ya masomo saba ni kweli: kila A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na division one, daraja la juu kabisa, ni jumla ya 7 hadi 17. Lakini ukiitupa hisabati sasa umeitupa na fizikia, nusu ya kemia, na milango mingi ya vyuo ambayo hata hujaanza kuifikiria. Una miaka kumi na tatu au kumi na nne. Usifunge mlango wowote mwaka huu.

Hatua ya 7. Jaribio likirudishwa, kazi ndiyo inaanza

Viwango vya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ni hivi: A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, chini ya hapo F. Ukipata 38 kwenye jaribio la kwanza la baiolojia, hujafa. Una D, na C iko alama saba mbele yako.

Chukua karatasi, kila kosa liandikie sababu moja kati ya tatu: sikujua, sikuelewa lugha, nilikosea kwa haraka. Muhula wa kwanza "lugha" itakuwa nyingi. Zikianza kupungua kufika Septemba, uko njiani hata kama nafasi darasani haijapanda sana. Nafasi darasani inategemea wengine wamefanya nini. Orodha yako ya makosa ni yako.

Mkifika kidato cha pili mna mtihani wa taifa wa upimaji mwezi Novemba, na asiyefikia kiwango hurudia darasa. Kutoka Januari hii mpaka pale ni miezi 22. Baraza la Mitihani huweka mtandaoni, bure, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa: swali, wengi walikosea wapi, na mifano ya majibu mazuri na mabovu kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Mwombe mwalimu au kaka mwenye simu akupakulie ya somo moja. Hakuna tuisheni inayoshinda kuona kosa lako limeandikwa na mtu mwingine. Vitabu vya kiada navyo viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ukikosa nakala shuleni.

Hatua ya 8. Njia, tumbo na simu

Kula kabla ya kutoka, hata kiporo, hata viazi viwili. Kama shule ina chakula cha mchana cha mchango wa wazazi, huo mchango uwe juu kwenye bajeti ya nyumbani kuliko begi jipya. Vipindi vya mchana bila chakula unavihudhuria kwa mwili tu.

Njiani tembeeni kikundi. Lifti ya bure ya bodaboda ina bei, na bei haisemwi siku ya kwanza. Hili nawaambia wasichana waziwazi, na wavulana nawaambia waache kucheka. Mtu anayempa mwanafunzi mimba au kumwoa anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa sheria yetu. Anajua. Ndiyo maana anaanza na chipsi.

Simu iache nyumbani. Ikikamatwa shuleni ni kesi, na utapoteza siku kwenye kesi.

Ukikwama

*Mwalimu akiongea sielewi kabisa.* Soma mada kabla ya kipindi, hata ukurasa mmoja, na uchomoe maneno matano usiyoyajua. Sikio hukamata neno ambalo jicho limeshaliona. Wengi huanza kufuata somo baada ya likizo ya Juni. Ukifika Septemba bado hakuna kitu, mwone mwalimu wa Kiingereza, na mkaguliwe macho na masikio pia. Nimeshuhudia "mzito wa kuelewa" akiwa haoni ubao tu.

*Wenzangu wananicheka nikiongea Kiingereza.* Tafuta mwenza mmoja, ongeeni njiani kwenda nyumbani. Wanaocheka waangalie matokeo yao ya somo hilo.

*Hatuna mwalimu wa fizikia.* Hutokea, hasa vijijini. Undeni kundi la watu wanne au watano, chukueni kitabu cha kiada, kila wiki mada moja, na kila mmoja awafundishe wenzake kipande chake. Mkikwama, mfuateni mwalimu wa hisabati au wa kemia na swali mahususi. Kundi la watu kumi na tano ni kijiwe.

*Nimeugua, nimekosa wiki tatu.* Usinakili notsi zote kwa mfululizo kama mashine. Anza na hisabati na kemia, kwa sababu mada zake hujengana. Jiografia itasubiri mwisho wa wiki.

*Wakubwa wananionea, wananidai hela.* Waambie viranja mara moja. Ikijirudia, nenda kwa mwalimu wa malezi na majina, siku na mahali. "Wananionea" pekee haifiki mbali. "Juzi, nyuma ya choo, fulani na fulani, shilingi 500" inafika.

*Niko kwenye siku zangu na sina kitu.* Mwendee matroni au mwalimu wa kike. Shule nyingi huwa na taulo za dharura. Sweta kiunoni, omba ruhusa, nenda. Usikae nyumbani siku nne kila mwezi. Hesabu ni vipindi vingapi hivyo kwa mwaka.

*Nachapwa kupita kiasi.* Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kinachovuka hapo, mwambie mzazi, naye amwone mkuu wa shule.

*Mtu mzima ananitaka, na ni mtu ninayemwogopa, labda mwalimu.* Usimjibu peke yako na usifiche. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini leo. Kama hayupo, piga 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni bure. Ukiambiwa ni siri yenu wawili, hiyo peke yake ni sababu ya kupiga.

*Nilishaacha shule, kwa mimba au kwa sababu nyingine, nataka kurudi.* Tangu Novemba 2021 waraka wa wizara unaruhusu urudi kwenye mfumo rasmi, akiwemo mama mwenye mtoto. Nenda na mzazi au mlezi kwa mkuu wa shule uliyoiacha ndani ya miaka miwili tangu uache. Mkikataliwa mlangoni, msibishane na mlinzi, nendeni kwa afisa elimu kata, mna haki ya kusikilizwa. Na beba daftari la msamiati.